Mgongo wa Mzee Kasanda

Maji ya mkwe hayaogeshi. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa mmetoka nayo chuoni mkidhani ni ya kale, ya mababu waliovaa ngozi, wekeni hizo karanga chini mnisikilize. Haina hata miaka thelathini. Siku iliposemwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na shuka mbili mkononi, moja ya bluu na moja iliyofuliwa mpaka ikakosa rangi.

Wakati huo nilikuwa mfuaji katika Nyumba ya Wazee ya Itumbiko, huku kwetu Unyamwezini. Wazee walikuwa ishirini na sita, wanaume upande wa mashariki na wanawake upande wa magharibi, katikati jiko. Mabomba yalikuwa mawili, moja halitoi maji. Kila mwaka chuo kilituletea wanafunzi wa uuguzi, wakae miezi mitatu wajifunze kutunza wazee. Wauguzi wa kiume hatukuwa nao. Nesi mkuu alikuwa Mama Gaudensia, mwanamke msafi na mwenye haraka. Alitaka wazee wote wawe wameogeshwa kabla ya chai ya saa mbili. Mlangoni alibandika karatasi yenye majina. Aliyeogeshwa alipigiwa tiki, aliyekataa alichorewa msalaba. Wanafunzi walijifunza kuogesha haraka kweli kweli, wawili wawili, mmoja anasugua na mwenzake ameshika beseni. Siku za mwanzo niliwasifu.

Chumba cha tatu alilala Mzee Kasanda. Alikuwa mrina asali tangu ujana wake, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, hawezi kusimama wala kujigeuza vizuri. Mke alishafariki. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Nkwabi, aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu na kukaa miaka kumi na minane bila barua wala salamu. Mzee huyu hakuwa mtu wa kununa. Alituchekesha sana, akimwita mpishi wetu "Bwana Ukoko" kwa sababu ya uji wake.

Alipangiwa mwanafunzi aitwaye Leokadia, binti mrefu, mchangamfu, aliyetoka mbali na huku. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mwanzoni mzee alimpenda. Binti alimwita "babu", naye mzee akageuzwa huku na huku bila shida. Sasa siku moja mzee akamsimulia habari za Nkwabi, jinsi alivyokuwa mrefu wa kuinama kila mlango. Leokadia akasema mwanamume wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akimtafuta, kwa hiyo kuanzia leo Mzee Kasanda si babu tena, ni baba mkwe. Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, nikiwa na ndoo ya nguo kichwani. Mimi, niliyezaliwa na kuolewa huku huku, nilicheka.

Kesho yake akaingia na beseni, akasalimu kwa sauti ya kuimba, "Shikamoo baba mkwe, mwanao kanituma nije nikuogeshe." Mzee hakuitikia. Tukadhani amefurahi mno.

Tangu asubuhi hiyo Mzee Kasanda hakuachia blanketi lake. Alilishika kwa mikono miwili chini ya kidevu, akageukia ukutani. Leokadia akiingia na uji, yeye hujifunika kichwa, hali mpaka bakuli liachwe juu ya stuli na binti atoke. Siku ya nne aliupiga kwa mkono ule ukingo wa beseni, maji yakamwagikia wote wawili. Mama Gaudensia akaandika kwenye faili kwamba mzee amechanganyikiwa na ni mkali. Wakaitana wanne, wakamshika, wakamchoma sindano ya usingizi.

Alilala siku nzima na zaidi, akipumua kama mfuko uliotoboka. Daktari wa wilaya alipokuja kumwona alikasirika, akasema sindano ya pili itamuua, asichomwe tena. Basi wakamwacha. Kwa kuwa wote walikuwa wamemshika, sasa alimkataa kila mtu. Kwenye karatasi ya mlangoni msalaba ukafuata msalaba, mpaka zikatimia siku kumi na moja tangu ile salamu. Mimi nilibadilisha shuka ya juu tu, ile ya chini aliilalia asikubali kugeuzwa. Harufu niliisikia. Nikafungua dirisha.

Siku ya kumi na moja akaja mwalimu wa chuo kuwakagua wanafunzi wake. Aliitwa Mwalimu Sekunda Mabula, mwanamke mfupi, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Alipofika mlango wa chumba cha tatu alisimama. Hakuuliza habari za tiki. Akawatoa wanafunzi wote nje, akaniambia mimi nibaki na zile shuka. Kisha akavuta stuli, akaketi, akamwomba mzee ruhusa ya kuutazama mgongo wake tu, si pengine popote, na akamwahidi kwamba blanketi la mbele mzee atalishika mwenyewe. Mzee akakubali kwa kichwa.

Mwalimu akainua blanketi kwa nyuma.

Wajukuu zangu, nimefua shuka za waliokufa. Nimefua damu na kila kitokacho kwa mtu. Lakini pale chini ya kiuno kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisahani cha chai, kingo zake nyeusi, na ndani yake funza wanatembea. Walikuwa hai kuliko yeye. Shuka zilinidondoka zote mbili. Mwalimu Sekunda aliweka mkono mdomoni, akakaa hivyo hivyo, na miwani yake ikaanza kutota.

Daktari alipopelekewa habari alijibu kwamba kidonda kisafishwe leo leo, nyama iliyooza itolewe yote. Kikilala mpaka kesho sumu itaingia kwenye damu na mzee hatapona. Na sindano ya usingizi ni marufuku. Maana yake ilikuwa moja, lazima mwenyewe akubali.

Mama Gaudensia alitaka waitwe watu wa kumshika. Mwalimu akamzuia. Akarudi kwenye stuli, akainama karibu na uso wa mzee.

"Baba, nimeuona mgongo wako. Sitakuuliza kwa nini unakataa maji. Nakuuliza kingine. Huyu binti anayekuja kila asubuhi, ni nani kwako?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Si mke wa Nkwabi?"

"Nani amekuambia?"

"Mwenyewe. Hapa hapa. Na huyu mama mfuaji alikuwepo, muulize." Akanielekezea kidevu. "Alisema mwanangu kamtuma. Miaka kumi na minane nimemngoja, mwalimu. Sasa yu hai, ameoa, na nyinyi mnamleta mkewe anivue nguo. Nkwabi akiingia mlango huo, nitamtazama kwa macho gani? Maji ya mkwe hayaogeshi. Yanamwongezea mtu uchafu."

Nilizikumbatia zile shuka nilizokuwa nimeziokota. Kwetu mkwe humpisha baba mkwe njia, haketi penye kiti chake, wala hatafuni mbele yake. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Kumbe mzee hakuchanganyikiwa hata dakika moja. Alikuwa akijistahi, na kujistahi kwenyewe kulikuwa kunamwozesha akiwa hai.

Kule nje mwalimu akawaeleza wanafunzi na nesi mkuu. Leokadia hakulia, alikaa chini kwenye sakafu. Mama Gaudensia akatoa shauri. Alisema kuna njia rahisi, mzee aambiwe mkwe wake amesafiri, aletwe muuguzi mwingine, na ile habari ya mwana aachiwe, maana inamfurahisha na haimdhuru mtu. Lilikuwa shauri la huruma, nami nililitaka. Mwalimu akasema atakayeamua ni Leokadia, kwa kuwa neno ni lake. Ila akamkumbusha kwamba kesho mzee atauliza Nkwabi anakuja lini, na kesho kutwa atauliza tena.

Leokadia akainuka, akaingia. Hakukisogelea kitanda. Alipiga magoti pale mlangoni, uso chini.

"Baba, mimi sijaolewa."

Mzee akageuza uso kumtazama.

"Nkwabi simjui. Nilikuwa natania. Nilidhani utacheka."

"Hujamwona?"

"Sijamwona."

"Hata machimboni?"

"Sijafika machimboni, baba."

"Kwa hiyo hakuna aliyetumwa."

"Hakuna."

Uji kwenye stuli uliganda utando, inzi akatua juu yake, hakuna aliyemfukuza. Uso wa Mzee Kasanda sikuutambua tena. Nilikuwa nimeona watu wakipewa habari za msiba, lakini sijaona mtu akifiwa na mwana ambaye alizaliwa upya kwake siku kumi na moja tu zilizopita, na kinywa kilichomzaa ndicho kinachomuua.

Hatimaye akauliza, "Baba yako anaitwa nani?"

"Method Kiwia. Hushona viatu."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Mwambie ana binti asiyejua kutania." Akavuta pumzi. "Lakini anajua kurudi. Mke wa mwanangu hawezi kuniogesha. Mjukuu anaweza, mjukuu hana haya na babu yake. Haya, mjukuu, lete maji. Yasiwe ya moto."

Akajaribu kuliachia blanketi, vidole vikakataa kunyooka. Leokadia alivifungua kimoja kimoja. Walisafisha kile kidonda saa nzima na zaidi, mwalimu ameshika mkasi, yule binti ameshika kitambaa safi na maji ya chumvi, nami napokea kwenye beseni vilivyotoka, nikigeuza uso. Mzee hakupiga kelele hata mara moja. Alilia, lakini si wakati mkasi ulipomgusa. Alilia katikati, walipokuwa wamepumzika.

Ile karatasi ya mlangoni mwalimu aliibandua siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo kila mwanafunzi aliyeletwa Itumbiko hakupewa beseni siku ya kwanza. Alipewa kiti. Alikaa na mzee wake akamuuliza anapenda aitweje, anaoga asubuhi au jioni, na kubwa kuliko yote, mimi nitakuwa nani kwako. Wengine walilalamika kwamba wamekuja kusomea uuguzi, si umbea. Mama Gaudensia ndiye aliyekuwa akiwajibu, kwa yale maneno ya Mzee Kasanda, na wao wakayabeba mpaka vyuoni, hata yakawafikia nyinyi.

Mgongo ulipona baada ya miezi mitatu. Mzee aliishi miaka miwili mingine, akiogeshwa, akiongea, akiitwa babu. Ila habari za Nkwabi hakuzitaja tena kwa mtu yeyote, na mlango ukifunguliwa hakuinua kichwa. Hilo nalo tulimfanyia sisi, kwa kicheko, na sikuona nesi aliyejua pa kulifungia bandeji.

Jumatatu mtakabidhiwa wazee wenu. Mikono yenu itakuwa safi na sabuni itakuwepo. Kabla hamjachota, waulizeni mtakuwa nani kwao. Maji ya mkwe hayaogeshi.