Matuta ya Nzilani

Sogeeni, nisimulie. Bondeni kwa Nzilani, jua na baridi vilikuwa vimepasua mwamba mpaka ukawa udongo. Zimwi la mvua likaja. "Mama, nipishe niupeleke udongo huu mtoni."

"Pita, kama unayaweza matuta yangu!" Nzilani akacheka.

Mara tatu lilijaribu. Mara tatu matuta yaliyokinga mteremko yalilizuia.

Kisha mvua ikakosekana miaka miwili. "Zimwi limekufa," akasema mumewe, Muthoka. "Tusawazishe matuta, tupande mahindi zaidi."

Nzilani hakuafiki, lakini alishika jembe, wakayasawazisha.

Zimwi lilirudi na mvua ya miaka miwili kwa siku moja. Likabakiza jiwe tupu.

"Tutachimba matuta mengine," Muthoka akasema.

"Kwa udongo gani, mume wangu?" Nzilani akauliza.

Muthoka akapiga jembe; likagonga jiwe. Nami naishia hapo.