Nguchiro Alivyomfunga Kiboko Tumboni

Hata bakuli sijaosha, mnataka ngano. Tena ya mpira wa magongo, eti timu kubwa inavyokomaza wachezaji wake wachanga. Mimi gongo ninalolijua ni la kufukuzia mbuzi. Haya, kaeni, na anayejikuna amalize kabisa. Niite hadithi?

— Iite, bibi!

— Ije na nini?

— Ije na mbio!

Palikuwa na timu kubwa ya wanyama, na Nguchiro alikuwa mchezaji wake mchanga. Siku ya kwanza kuwaona wakubwa wakicheza, alisahau kufumba mdomo. Duma akipiga, ta! mpira unalia langoni kabla jicho halijauona ukitoka. Nguchiro manyoya yakamsimama. "Mimi nisipocheza hapa," akasema, "sitalala tena."

Lakini mchanga hakuingizwa hivi hivi. Alipelekwa kwanza timu ndogo, kwenye matope ya juu ya mto, kwa Mwalimu Kobe. Huko walikimbia matopeni, chubwi-chubwi, wanaanguka, wanainuka. Walipitisha mpira kwenye miiba, chubwi-chubwi, wanaanguka, wanainuka. Kisha mchanga alitakiwa amfunge Kiboko, mlinda lango wa wakubwa. Akishindwa mpaka mvua inyeshe, anarudisha gongo, anakwenda kwao. Na maboga yake aliyowekewa ghalani? Anayala Kiboko.

Sasa utamfungaje Kiboko? Kichwa kiko nje, tumbo limejaza lango zima!

Mawingu yakatanda. Digidigi akapiga, ta! Mpira ukagonga shavu la Kiboko, bwi! "Bado hujaiva, mwanangu. Nenda kwenu." Ngiri akapiga, ta! Shavuni, bwi! "Bado hujaiva, mwanangu. Nenda kwenu."

Nguchiro akaja na kiboga cha manjano, kinanukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kidole wee."

"Mpira umepasukia shavuni kwako. Tutumie hiki?"

Kiboko mate yakamdondoka. "Lete, lete!"

Korongo, mwamuzi, akauliza, "Leo boga ndilo mpira? Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana!"

Nguchiro akatoka mbio. Lo! Miguu iliyokomaa matopeni, kwenye ardhi kavu haikuonekana. Lilionekana vumbi tu. Duma mwenyewe akasimama kutazama. Ta! Kiboko akapanua kinywa, gubu! Akameza.

"Nimezuia! Bado hujaiva!"

"Mpira uko wapi, mzee?"

"Tumboni mwangu."

"Na tumbo lako liko wapi?"

Kiboko akageuza shingo. Tumbo lote lilikuwa ndani ya lango. Korongo akapuliza filimbi, pyiii! "Bao!"

Duma akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Karibu kwetu, ndugu yangu. Mbio hizo umezitoa wapi?"

"Matopeni," akasema Nguchiro.

Ngano imefika langoni, gongo nimelitua. Funzo lake: watoto, msiwapite wakubwa wenu, na chakula chenu waachieni wao ndio wanaojua kukitunza. Mmesikia? Vizuri.

Na Kiboko? Wakubwa walimhamishia matopeni kwa Kobe, akae kinywa wazi, wachanga wajifunzie kulenga. Kila asubuhi, ta! ta! ta! Mtazameni akipiga miayo: alilipa kwa meno, na hata leo kila moja linaelekea upande wake.