Kinyozi wa Mlango wa Uani

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ya kale, jogoo bado hajavikwa kilemba chake, palikuwa na mji. Semeni: palikuwa. Haya. Na wewe unayechokonoa kidonda, acha, sikiliza.

Mji huo uliitwa Mwangani, na ulikuwa na sheria ya kipumbavu. Mwanamume mwenye baka jeupe usoni au kichwani alihesabiwa kuwa nuksi. Haketi barazani, hachoti maji kisima cha mji, na siku likionekana baka lake anafungasha virago. Baka lenyewe halimuumi, haliambukizi, halimzuii kulima. Lakini watu wakishazoea upumbavu huuita mila.

Katika mji huo alikaa kinyozi, jina lake Mwinyikombo. Asubuhi alinyoa watu mbele ya nyumba, hadharani. Jua likifika utosini, watu wamejinyoosha vitandani, mlango wa uani ukabishwa. Ko, ko, ko. Akaingia mwanamume amejifunika kitambaa. Mwinyikombo akasaga hina na masizi ya chungu, akachanganya na mafuta ya ufuta, akampaka baka mpaka hulioni, akazilaza nywele juu yake. Kesho tena, ko, ko, ko, mwingine. Wazee wa baraza wote walipita mlango ule, na Jumbe Kiponda mwenye mji naye akapita. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Na kila mmoja alimwambia, "Ukisema, umeniua."

"Kichwa cha mtu kwangu ni kaburi," alijibu Mwinyikombo. Na moyoni alijivuna, maana hakuna aliyeaminiwa kama yeye.

Sasa sikieni. Mwinyikombo alikuwa na mwana mmoja tu, Hatibu, kijana wa kuoa. Siku moja akamwona baka jeupe juu ya nyusi.

"Kaa hapa nikupake," akamwambia.

"Nitapakwa mpaka lini, baba?"

"Mpaka ufe. Wenzako ndivyo wanavyoishi."

"Wenzangu gani?"

Mwinyikombo akainama akasaga hina. Kaburi, si alisema? Hatibu akamtazama, akaiona aibu machoni mwa baba yake, akachukua ndoo akaenda kisimani na uso wake vilevile. Mnamwona huyo? Mimi ningemwoza binti yangu.

Haikufika alasiri, ameitwa barazani. Watu wamejaa, jua kali, Jumbe na wazee wake wamekaa juu ya jamvi. Jumbe akauliza, "Kuna wa kumtetea?"

Mwinyikombo akasimama. Alimwona Jumbe anatoka jasho, na rangi inaanza kushuka nyuma ya sikio, uzi mweusi mwembamba. Rangi ya mkono wake mwenyewe. Neno moja tu lilitosha, wajukuu zangu. Akawatazama wazee, na kila mzee akainamisha kichwa, akiogopa la kwake. Mwinyikombo akayafikiria yale ya kaburi, akafikiria watakavyomwita mmbea, kinyozi asiyeaminika.

Akaketi.

Hatibu akatoka mjini na jembe lake na mkeka. Mama yake, Bi Mize, akamfuata mpaka njia panda, akarudi peke yake, na tangu hapo hakumpakulia mumewe chakula kwa mkono wake.

Kesho yake jua likafika utosini. Ko, ko, ko.

"Pole na mwanao," akasema Jumbe, akikaa kitini. "Sheria ni sheria. Leo nizidishie hapa nyuma ya sikio, jana jasho nusura liniponze."

Na Mwinyikombo akampaka. Ndiyo, akampaka. Mnaniangalia nini? Nami ndivyo nilivyosimuliwa, na nilichukia kama ninyi.

Miaka ikapita. Jumbe Kiponda akafa. Wazee wakaingia kumwosha, maji yakamwagwa, rangi ikatiririka, na baka likatokea, kubwa, toka sikio hadi kisogoni. Wakatazamana. Kisha wakamwita kinyozi, wakamnong'oneza, "Msitiri kabla ya sanda."

Mwinyikombo akaliweka chini bakuli lake la rangi. "Nyote nimewapaka," akasema. "Wewe, na wewe, na wewe. Hamna asiyekuwa nalo humu. Basi mwanangu alifukuzwa na nani?"

Siku ile sheria ikazikwa pamoja na Jumbe, na mtu akatumwa upesi kumtafuta Hatibu arudi kwao.

Mjumbe akarudi bila yeye. Alimkuta nchi ya mbali, ana mke na watoto na shamba la mtama.

"Kasemaje?" akauliza Mwinyikombo.

"Kasema wazee amewasamehe. Kila mmoja alidhani yuko peke yake, na mtu aliye peke yake huogopa. Lakini kasema, baba alijua kuwa ni wote."

Mwinyikombo akaingia ndani, akaufunga mlango wa uani, na hakumpaka mtu tena. Nani angepakwa?

Mmesikia kinyozi hajinyoi. Huyu aliwasitiri watu wote, mwanawe akamwacha uchi. Siri ya mtu itunzeni, wajukuu zangu, lakini ikianza kumla asiye na kosa, hiyo si siri tena, ni kuua mtu nanyi mnajua.

Kisa kimekwisha, mtoto wa kisa kanipita mlangoni. Mwenye sikio amebeba lake, mwenye usingizi akalale.