Mashua Kavu Hunywa Kwanza

"Mashua kavu hunywa kwanza." Mwalimu wetu wa darasa la jioni alimwambia hivyo Raya, aliyetaka kuandikishwa mtihani kabla hajamaliza masomo. Vijana wakanigeukia mimi, mwanafunzi mwenye mvi nyingi kuliko mwalimu. "Babu Makame, wewe mtu wa Pemba. Msemo huu umetoka wapi?"

Umetoka kwetu, wajukuu zangu, na ulizaliwa kwa sababu ya harusi.

Binamu yangu Kombo alikuwa amemposa Mwanahawa wa Tanga. Baba wa binti, Mzee Abushiri, baharia wa zamani, alituma neno: "Ndoa ni Ijumaa. Kombo asipofika, binti nitamwoza mume mwingine." Alhamisi alfajiri Kombo na mimi tukaiburura mashua ya marehemu babu kutoka bandani, ilikokaa kavu mwaka mzima. Tanga lake lilikuwa viraka vitupu, na upo wa kukumbia maji ulikuwa mmoja. Lakini raha tuliyokuwa nayo! Tuliimba tangu bandani hadi majini.

Fundi Mbwana, aliyeiunda, akaja mbio. "Wanangu, mbao zimesinyaa. Ilazeni majini siku mbili inywe, zivimbe, zishikane."

"Ami, nikingoja inywe, mimi nitakunywa machozi," Kombo akamjibu. Tukacheka, tukataja Bismillahi, tukatweka tanga.

Kisiwa kilipobaki mstari tu nyuma yetu, maji yalikuwa yamefika vifundoni. Mimi nikakumba kwa upo, Kombo kwa sufuria mpya aliyomchukulia mama mkwe. Tulivyozidi kuyatoa ndivyo yalivyozidi kuingia. Nikasoma kila dua niliyoijua, na siku hizo nilijua chache.

"Kombo, tugeuze."

"Nikigeuza nimemkosa."

"Na ukizama?"

"Wee Makame! Huna mchumba, utajuaje?"

"Sina mchumba. Nina mama."

Aliweka sufuria chini. Akatazama upande wa Tanga, kisha akageuza usukani, akilia bila kujificha. Tulifika kwetu tumekaa ndani ya maji.

Fundi Mbwana hakutugombeza. Aliijaza mashua mawe, akaizamisha kwenye maji mafupi. Kombo akaketi mchangani akiichunga kama mgonjwa, na Ijumaa ikapita mbele ya macho yake. Jumapili tukaondoka, yeye akiwa hana tumaini ila kwenda kuomba radhi.

Mzee Abushiri alitukuta ufukweni Tanga. Aliitikia salamu bila kumtazama Kombo, akaingia mashuani, akapitisha kiganja kwenye mbao za chini. Kilitoka kikavu.

"Mliingoja inywe?"

"Tuliingoja, mzee. Baada ya kuponea chupuchupu," Kombo akajibu.

"Ijumaa nilikuwa na hasira, nikakaribia kumwita mwingine. Lakini ungenijia siku ile na chombo kinachovuja, ningekurudisha peke yako. Mwanangu angepanda nini?" Akamshika Kombo mkono. "Twende msikitini."

Mwanahawa alivuka salama, na tangu hapo kila mwenye pupa kwetu aliambiwa msemo huo wa mashua kavu. Kombo ametangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Kila nikimaliza sala ya magharibi humwombea, na mara nyingine huisikia sauti yake, akiimba mbele yangu huku tukiburura mashua.

Kwa hiyo usinune, Raya. Mashua kavu hunywa kwanza. Ikisha kunywa, hubeba hata bibi arusi.