Jinsi Hakimu Fisi Alivyokosa Mamlaka

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kesi!
Basi kaeni vizuri, na mwenye mkia aukunje.

Palikuwa na Fisi. Siku moja alipanda kichuguu akajitangaza hakimu. Nani alimchagua? Tumbo lake. Akimkamata mtu alimuuliza jina, akacheka kwii-kwii-kwii, kisha akahukumu: "Aliwe!" Na mlaji ni yeye mwenyewe.

Akamnasa Bi Pimbi, kanyama kadogo ka majabalini, akitoka kula majani ng'ambo ya mto.

"Umekula bila idhini yangu. Uliwe!"

Watoto wa Bi Pimbi walikuwa wanamngoja. Lakini akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Kuliwa nitaliwa. Ila majani yale yako ng'ambo. Mamlaka yako yanafika huko?"

"Mamlaka ndiyo nini?"

"Ni eneo ambalo neno lako lina nguvu. Ukihukumu ya nje yake, hukumu ni upepo tu."

Fisi akafikiri. Upepo haushibishi.

"Yanafika!"

"Nionyeshe basi, nife nimeridhika."

Wakaenda, chapu-chapu-chapu. Wakavuka mto.

"Yanaishia hapa, Mheshimiwa?"

Fisi akaona swala amenona. "Mbele!"

Chapu-chapu-chapu. Wakafika mbugani.

"Yanaishia hapa?"

Fisi akaona ngiri na wanawe. "Mbele!"

Chapu-chapu-chapu. Wakafika kwenye pango.

"Na humu?" Bi Pimbi akauliza kwa sauti kubwa.

"Na humu! Yeyote aliyemo ni mshtakiwa wangu!"

Nguuurrr! Simba akatoa kichwa.

"Nani mshtakiwa?"

Mkia wa Fisi ukaingia katikati ya miguu.

"Si wewe, Mfalme! Mimi mwisho wangu kichuguuni. Hata mtoni sifiki!"

"Na majani ya ng'ambo, Mheshimiwa?" akauliza Bi Pimbi.

"Sina mamlaka! Sina mamlaka!"

Fisi akatimua mbio, puru-puru-puru. Simba alipogeuka, Bi Pimbi alikwishapenya kwenye ufa wa mwamba, akarudi kwa watoto wake.

Neno lile likawapendeza sana mahakimu wa porini. Hadi leo, Swala akienda kulalamika kwamba Simba amemla mwanawe, huambiwa kwa upole: "Pole, mama. Hatuna mamlaka."

Funzo lake, wanangu: sheria haichagui mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo mkishtakiwa, nyamazeni, msiulize swali hata moja.

Ngano yangu imefika. Sikio la kulia lililosikia, lilisimulie la kushoto.