Jino la Simba na Chupa ya Mafuta ya Singa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda shule na kurudi na vyeti, Simba na Pimbi walimaliza chuo siku moja wakapanga nyumba moja. Msicheke. Pimbi ni mdogo, mnene kama mkate, lakini ukimwona akipiga hesabu utamwamkia.

Simba alipata kazi upesi. Mzee Tembo alimwajiri kunguruma kila alfajiri kwenye shamba lake la mahindi, nguruwe pori wasikie wakimbie. Mshahara shilingi mia kwa mwezi. Alipoupokea wa kwanza akaenda moja kwa moja saluni kwa Fisi, akarudi na chupa ya mafuta ya singa, yale manyoya yake ya shingoni. Shilingi sitini.

"Sitini?" Pimbi akauliza. "Na sabuni je? Na mswaki? Na ukiumwa?"

"Mdogo wangu, tumekaa chuoni miaka mitatu. Umewahi kuniona nikinunua sabuni?"

Hapo ndipo Pimbi alipoelewa. Chuoni sabuni iligawiwa kila Jumamosi, kinyozi alikuja mwenyewe, na zahanati ilikuwa nyuma ya bweni, unaingia unatibiwa unatoka. Simba mkubwa mzima alidhani vitu hivyo vinaota tu kama nyasi. Na jino lake la nyuma, upande wa kushoto, lilikwisha kuanza kumsumbua. Dawa yake ilikuwa kutafunia upande wa kulia.

Pimbi alimpenda sana Simba. Mwaka wa kwanza wakubwa walipotaka kumwonea, Simba alimweka mgongoni akamtembeza uwanja mzima, wote waone yuko na nani. Sasa utamwachaje mtu kama huyo aoze meno?

Chupa ilipokwisha, Pimbi akasema kwa upole, "Kaka, kazi inakuchosha. Nipe hizo sitini, nitakuwa nakununulia mimi."

Simba akatoa. Pimbi akapita mbele ya saluni ya Fisi bila hata kugeuza shingo, akanunua mafuta ya nazi ya shilingi tano, akaloweka humo maua ya asumini, akajaza kwenye chupa ileile. Kwa shilingi kumi akanunua sabuni na mswaki, akasema ni zawadi ya Fisi kwa mteja mzuri. Arobaini na tano zilizobaki, chwa, ndani ya kibuyu chini ya kitanda.

Simba akafungua chupa, akanusa, akafumba macho. "Mmmh. Haya ndiyo mafuta. Kuna watu wanajipaka nazi, wananuka kama jikoni kutwa. Masikini, wangejua."

Pimbi akatoka nje kucheka.

Ikawa hivyo kila mwezi, hata miezi minne ikapita. Asubuhi moja Simba akapanua kinywa angurume, ikatoka "nyiii". Nguruwe pori wakatazamana, wakaendelea kula.

Mzee Tembo akaja taratibu. "Mwanangu, kesho wakila tena nitaajiri mwingine. Sina ugomvi nawe, nina mahindi."

Wakamwita Korongo, mng'oa meno. Akachungulia kwa mdomo wake mrefu, akatikisa kichwa. "Limeoza. Shilingi mia na hamsini, mkononi, ndipo nianze."

Simba alikuwa na shilingi nane. Akajikunja pale mlangoni akalia. "Kazi imekwenda, mdogo wangu. Nitarudi kwa mama na jino bovu."

Pimbi akatazama chini ya kitanda. Kutoa kibuyu ni kukiri, na mtu anayeumwa jino hapendi kusikia kwamba alidanganywa, hasa akiwa simba. Hata hivyo akakivuta, akamhesabia Korongo mia na hamsini kati ya mia na themanini zilizokuwamo.

"Kaka, kabla hujanila, nisikilize." Akasema yote: nazi, asumini, mswaki wa zawadi.

Simba akashika singa zake, akazinusa. Akazinusa tena.

"Miezi minne," akasema, "nimewatangazia wote kazini kwamba nazi inanuka."

"Najua."

"Na wewe ukanyamaza."

"Sikunyamaza, kaka. Nilikuwa natoka nje kucheka."

Simba akaanza kucheka, jino likamchoma, akalia, akacheka tena kinywa wazi. Korongo hakungoja. Kwapu! Jino likaanguka chini.

Alfajiri iliyofuata ngurumo ilipigwa, nguruwe pori wakatimka, na Mzee Tembo akamwaga uji wake.

Mwisho wa mwezi Simba akauweka mshahara wote mbele ya Pimbi. "Tenga ya meno kwanza. Kisha sabuni. Itakayobaki ndiyo ya singa."

"Nazi?"

"Nazi," Simba akanong'ona. "Lakini itie kwenye chupa ya Fisi, na kazini usimwambie mtu."

Mimi nimefika mwisho, nanyi wanangu shikeni hili: ukianza kupokea mshahara, tenga kwanza ya afya, ndipo ununue ya kupendeza.