Dobi Aliyeota Mizizi

Mguu uliosimama huota mizizi. Neno hilo mmelisikia leo asubuhi, shangazi yenu alipomkuta Abuu bado amejinyoosha kwenye kochi, nanyi mkacheka kwa kuwa hakuna kati yenu aliyewahi kuona mguu wenye mizizi. Watu wa Korogwe waliuona kwa macho yao, zamani za pasi za mkaa. Basi sogeeni, maana chimbuko la methali hii ni mtu, na huyo mtu alikuwa na jina.

Aliitwa Shekiondo, dobi. Kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni ya reli: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, ndoo ya maji ya wanga, na pasi mbili, moja ikiwa kazini nyingine ikichochewa mkaa. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na usemi wa baba yake kwamba nguo haipigwi pasi na mtu aliyekaa. Akitoka kuswali alfajiri anasimama mezani. Adhana ya adhuhuri anaondoka, anarudi, anasimama tena mpaka jua linazama. Hakuwa na haja ya kwenda popote. Wateja walimletea nguo na wateja walizifuata. Watu aliwajua kwa kola na vikwapa vya mashati yao, lakini nyumba wanazoishi hakuzijua.

Miguu ilianza kumsumbua taratibu. Kwanza ilikuwa kuwasha juu ya kifundo, halafu uzito, kana kwamba kila jioni mtu anamjaza mchanga ndani ya suruali. Baadaye mishipa ikatokeza. Ilianza kama nyuzi za buluu, ikanenepa, ikajisokota kutoka kwenye kigimbi hadi chini ya goti, imevimba na kupindana kama mizizi ya mkuyu ukingoni mwa mto. Shekiondo akaacha kuvaa shuka hata nyumbani. Suruali ndefu kwenye joto lile la Korogwe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mkewe, Bi Mwantumu, alijua. Mke atafichwa nini? Mtu mmoja alipomshauri Shekiondo achanjwe ili damu mbaya itoke, ni Bi Mwantumu aliyekataa, akasema damu ya mumewe si maji ya kufulia hata imwagwe. Lakini alipomwambia aende hospitali, Shekiondo alijibu kwamba udobi hauna likizo.

Lililomuumiza zaidi Bi Mwantumu lilikuwa jingine. Binti yao, Sauda, alikuwa ameolewa milimani, upande wa Soni, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Gari liliishia barabarani; kutoka hapo ni kupanda kwa miguu. Bi Mwantumu alikwenda kumwona mjukuu. Shekiondo alituma khanga na sukari, akabaki mezani. Mtoto alikaa, akatambaa, akasimama, babu yake hajamwona. Kila alipoulizwa alisema kuna kazi nyingi. Ukweli ni kwamba aliogopa kile kilima, na aliona aibu kuwaambia wakwe kwamba kilima kimemshinda.

Siku moja ya msimu wa harusi, nguo zikiwa zimerundikana, Shekiondo aligeuka kuchukua pasi ya pili akajigonga kwenye pembe ya sanduku la mkaa. Hakusikia maumivu makubwa. Alihisi umajimaji ndani ya kiatu, akadhani amemwagikiwa na maji ya wanga. Alipotazama chini, sakafu ilikuwa nyekundu. Mshipa ulikuwa umepasuka, na kadiri alivyozidi kusimama akishangaa, ndivyo damu ilivyozidi kutoka.

Bi Mwantumu alikuwa ndio kwanza amefika na chakula. Aliweka kapu chini.

"Lala," alisema.

"Nitazichafua nguo za watu."

"Lala chini, Baba Sauda."

Akalala. Bi Mwantumu aliuinua ule mguu akauegemeza juu ya rundo la mashuka, akashika kitambaa safi, akakandamiza jeraha kwa viganja vyote viwili bila kuachia. Kidogo kidogo damu ilipungua, kisha ikakoma. Ndipo alipoipandisha suruali ya mumewe hadi gotini, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa mlangoni, akaitazama miguu ile kwa muda.

"Tazama," alisema kwa sauti ya chini. "Umesimama pahala pamoja mpaka miguu yako imedhani wewe ni mti. Mguu uliosimama huota mizizi, mume wangu. Na mti hauendi kumwona mjukuu wake."

Shekiondo alifunika uso kwa mkono. Majirani hawakucheka. Walitafuta mkokoteni wakampeleka hospitali.

Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Nkya, mtaratibu wa maneno. Aliufunga mguu, kisha akavuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Damu kushuka mguuni ni rahisi, Mzee," alisema. "Kupanda ndiyo kazi. Ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini, na kinachoisukuma juu ni hiki kigimbi, kila unapopiga hatua. Wewe kigimbi chako umekilaza miaka yote. Damu imetuama, vilango vimelegea, mishipa ikavimba."

"Dawa yake?"

"Hii mishipa niliyoiona haitafutika kwa kupaka kitu, asikudanganye mtu. Ikizidi, kuna namna ya kuitibu hapa. Lakini ukitaka ipumue na isiongezeke, tembea kila siku. Ukiwa mezani usigande: inuka kwa vidole vya miguu, shuka, inuka tena. Mchana lala kidogo, miguu ikae juu kuliko moyo. Punguza chumvi. Sanduku la mkaa lisikae miguuni pako, joto linailegeza mishipa. Na nitakupa soksi za kubana, uzivae asubuhi kabla hujashuka kitandani." Akainua kidole. "Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiseme utatembea upone. Siku hiyo njoo hapa mbio."

Shekiondo alirudi nyumbani, na kidonda kilipofunga alianza kutembea. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Alikwenda hadi darajani akarudi amechoka, na usiku akamwambia mkewe kwamba daktari hajui udobi. Bi Mwantumu hakubishana. Kesho yake alimfungia nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akamwekea begani.

"Hizi ni za Mama Hoza, kule ng'ambo ya daraja," alisema. "Mpelekee."

"Atazifuata mwenyewe."

"Nimeshamwambia asizifuate."

Ndivyo dobi aliyesubiri wateja alivyogeuka dobi anayewaendea. Alfajiri na jioni, jua likiwa limepoa, alipita mitaani na mafurushi yake. Akazijua nyumba. Akajua ni nani ana mgonjwa, ni nani amepata mtoto, shati la nani linapwaya kwa sababu mwenyewe amekonda. Mezani aliinuka na kushuka kwa vidole akifuata mwendo wa pasi, na wapita njia wakadhani anacheza ngoma. Mchana alilala na miguu juu ya gunia la nguo. Mishipa haikuondoka, ila ilinywea, na ule mchanga wa jioni ukaanza kupungua mpaka siku moja akagundua kwamba amefika usiku bila kuukumbuka.

Mvua za vuli zilipokwisha, alifunga kibanda. Yeye na Bi Mwantumu walishuka garini Soni wakaanza kupanda. Alipumzika mara nyingi njiani, akinyoosha miguu juu ya mawe. Sauda alikuwa anaanika maharage uani alipomwona baba yake akitokea migombani, jasho linamtiririka, soksi zimevutwa hadi magotini. Alimkimbilia mwanawe, akambeba, akampa babu yake. Shekiondo alimpakata pale pale chini, kwenye maharage.

Basi mnauliza, maneno ya mke kwa mumewe yalifikaje kuwa ya watu wote? Yalifika kwa sababu ya Bwana Mhina, aliyekuwa mkuu wa stesheni. Huyu alikuwa mteja wa mashati meupe. Alipostaafu, na mkewe akafariki mwaka huo huo, mashati yakaacha kuja. Zamani Shekiondo asingejua kwa nini. Sasa alikuwa na miguu, akaenda kubisha hodi. Alimkuta Bwana Mhina amekaa kwenye kiti mlangoni, ndevu hazijanyolewa, chai imepoa kando yake. Majirani walisema hivyo ndivyo anavyoshinda tangu arobaini ipite.

Shekiondo hakumpa pole, maana pole alikuwa amepewa za kutosha. Alichuchumaa mbele yake, akakunja suruali, akateremsha soksi.

Bwana Mhina aliitazama ile mishipa. "Hii imekuwaje?"

"Mguu uliosimama huota mizizi," Shekiondo alimwambia. "Wangu uliiota mezani. Wako naona unaiota hapa mlangoni, na ilianzia moyoni. Nina furushi la kupeleka sokoni, Bwana Mhina, na bega moja limechoka. Nisindikize."

Bwana Mhina aliinuka, akaingia ndani kutafuta viatu. Walionekana wakiteremka barabara pamoja, kila mmoja na furushi lake, polepole, na watu waliowapisha njia wakaulizana dobi amemwambia nini yule mzee hata akainuka. Wakaambiana, na tangu hapo wakawa wanaambiana: mguu uliosimama huota mizizi.